Sahihi

Karanga za Mwajabu, Barabara ya Kumi na Mbili,
huja zimefungwa ndani ya mahakama.
Mimi sili karanga, meno yangu yamekataa.
Karanga nampa mtoto wa jirani,
nabaki na karatasi, naikunjua barazani polepole
kama mtu anayebandua kitambaa kwenye kidonda.

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masijala, hapa hapa Tanga.
Niliona majalada yakitoka kwa toroli
siku waliyosema nafasi imekwisha.
Walinipa fomu nitie sahihi. Nikatia.

Sasa nayafuata, moja moja, kwa shilingi mia mbili.
Rehani ya minazi arobaini, Mwambani:
wino umekuwa rangi ya chai kavu,
stempu imebanduka na nusu ya uso wa mfalme.
Mkataba wa mkonge, kipande cha siku thelathini:
mwenyewe hakujua kuandika, akachora msalaba.
Msalaba wa Athumani!
Nilicheka. Halafu sikucheka.

Daktari mmoja wa Chumbageni naye hukusanya.
Yeye anataka magavana, sahihi zenye mikia mirefu,
huzitia fremu, huzipiga taa.
Mimi nipe dole gumba.
Dole gumba halijui kujidai.
Hili hapa lina kovu, limekata duara zote katikati,
na kovu nalo limeshuhudia mkataba.

Jana, chini ya karanga za mwisho, nimekuta shamba.
Eka mbili na robo, Pongwe. Limewekwa rehani, halikuuzwa.
Mkopaji, Mwanakombo binti Semboja.
Deni, shilingi sitini. Na pembeni, kwa mkono wa mkopeshaji:
Limelipwa lote, sina dai.

Mwajabu ni wa kina Semboja.
Shamba la bibi yake leo lina ukuta, geti, na mbwa wawili.
Ameniuzia ushahidi wake
na chenji akanirudishia.

Mafuta ya karanga yameipenya karatasi;
ukiielekeza kwenye jua, nyuma inasomeka mbele.
Nyuma kuna muhuri: *Haihitajiki. Iondolewe.*
Chini ya muhuri, wino wa buluu,
jina ninalolijua, lina mkia mrefu.

Nimevaa viatu. Nimevivua.
Nimevaa tena.

Kutoka kwangu hadi meza ya Mwajabu ni hatua sitini na nne.
Ananiona kwa mbali, anachana ukurasa, anaanza kukunja:
"Mzee, leo ngapi?"