Milimita Nane

Ghaniya binti Zahran kaingia Bidiya saa tisa alasiri,
joto limesimama mlangoni kama mdai,
pikapu yake nyeupe ikikoroma chini chini:
silinda nane, lita sita nukta mbili,
matairi yameshapunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga.
Hakushuka. Alishusha kioo, akasema
kwa Kiswahili cha mama yake, cha Tabora:
"Fundi, nitanulie koo."

Nilidhani mafua.

Akanipa boksi. Ndani, kwenye nailoni,
throto jipya, alumini tupu,
tundu lake milimita mia na tatu.
La kiwandani tisini na tano.
Nane tu, dada, nikamwambia,
na kwa bei hii ungepata mbuzi wanne pale Sinaw
ukabakiwa na chenji ya karaki.
Farasi utakaowapata hawajazi zizi.

"Hao mbuzi," akasema, akioneshea kidole
ule mlima wa mchanga nyuma ya msikiti,
"wataniburura mpaka pale juu?"

Basi. Biju akafungua bomba la hewa,
klampu mbili, plagi ya waya,
bolti nne za spana kumi.
Throto la zamani likatoka na masizi mdomoni
kama mtoto aliyelamba sufuria.
Nikapachika jipya. Nikashika spana nikaze.

"Subiri."
Sasa kashuka. Kakunja mkono wa abaya,
kapitisha kidole ndani ya tundu
mpaka kikakwama kwenye ukingo.
"Manifoldi ina mdomo ule ule wa tisini na tano.
Umeweka mlango mpana mbele ya ukuta."

Wajuaje?

"Hospitali ya Ibra, wodi ya mahututi, zamu ya usiku.
Kazi yangu mirija. Kila koo na namba yake:
bibi wa Mudhaibi, saba;
mwanamume wa shingo nene, nane na nusu.
Ukikosea, hewa inagonga, inarudi,
na mtu anakutazama."

Akanyamaza hapo.
Sikuuliza ni nani aliyemtazama.

Tukaivua manifoldi, tukailaza mezani.
Matundu manane ya injini akayaziba yeye
kwa vitambaa vinane, akavihesabu kwa sauti.
Kisha tupa. Kisha msasa. Kisha tupa tena,
chenga nyeusi zikinata kwenye jasho la viganja,
milimita moja, kupima, nusu, kupima.
Adhana ya magharibi ikaita; Biju akaishika tupa
mpaka tuliporudi na nyuso mbichi.

Baada ya isha tukatoa vitambaa.
Saba.
Biju akahesabu kwa Kimalayalam: saba.
Ghaniya akawasha taa ya simu,
akachungulia silinda kwa silinda, hasemi,
na mimi tumbo limeniganda,
mkono ukienda mfukoni kutafuta cha kufutia uso
ukatoka na cha nane.

Hakucheka. Alikichukua,
akakiweka juu ya wenzake.
"Nane," akasema, kama anayesaini.

Gasketi mpya. Bolti kwa mshazari.
Ufunguo hatua ya kwanza, na mguu kando:
acha kompyuta ilizoee koo lake.
Injini ikapanda elfu na mia mbili,
ikadondoka mia tano, ikatetereka,
ikapanda tena, kama mtu aliyetolewa mashine
anayejaribu pumzi zake mwenyewe.
Hakuna aliyekohoa pale gereji.
Ikatulia mia sita na hamsini.
Akagusa pedali kwa ncha ya kiatu;
kabla mguu haujamaliza kusema, jibu limefika.

Simu ikalia. Ibra.
Alisikiliza, akajibu "nakuja" mara mbili.
Mlima ulikuwa palepale, mwezi begani mwake;
hakuugeukia.
Akajaza matairi upepo wa lami,
akalipa, akashika barabara kuu.

Throto kuukuu liko mezani kwangu.
Nasukuma kipepeo chake kwa gumba, kinafunguka.
Naachia, kinarudi, kinabakiza mwanya
mwembamba kama ukucha.
Biju anasema tulitupe.
Nimeupitishia pumzi ule mwanya.
Inapita.