Bampa la Dovydas

Niliweka ekzosi tatu mezani, Kaunas, Januari,
gereji yangu ya mabati ikilia kwa baridi.
Dovydas akazigonga kwa ukucha, moja moja,
kama anunuaye tikitimaji.

Misimu miwili ya kupaa samaki kule Norwe
imo yote ndani ya Mazda ile nyekundu, milango miwili.
Mikono yake bado inanuka chumvi.

"Hii ya titani," nikamwambia, "inanguruma."
Akatikisa kichwa.
"Mimi huondoka saa kumi alfajiri.
Nataka bibi wa ghorofa ya chini ajue ni Dovydas,
asidhani vifaru vimerudi."
Akachukua ya chuma cha pua, sailensa nene,
sauti ya mtu anayekohoa kidogo kabla ya kusema.

Kwenye bampa, hekima ikamwisha.
Alitaka lile la mdomo mrefu,
vidole vinne tu juu ya lami.
Nikamkumbusha reli inayokata mtaa wa mama yake.
Nikamkumbusha theluji, ambayo haisomi bei.
Sikio la kufa. Nikashika spana,
nikakaza boliti kumi na mbili, nikapokea pesa.

Jumanne akarudi.
Niliisikia ekzosi kabla sijaliona gari,
ya heshima, ya upole.
Bampa lilikuwa kiti cha abiria,
vipande vitatu,
na amelifunga mkanda.

Sikusema kitu. Nikachemsha chai.
Alikunywa nusu kikombe, akautazama ukuta,
kisha akauliza kama lile jeusi bado lipo,
lile la chini zaidi.