Mizani ya Makombo

Jumatatu walikuja na mizani,
watoto kumi na tisa wa darasa la tatu,
wakaiweka mlangoni pa jiko langu,
kwenye dirisha la kurudishia sahani.
"Bi Lucyna," akasema Bogna, miwani yake imefungwa kwa plasta,
"tunapima kinachobaki."

Kinachobaki!
Tangu mwaka ule lifti ya mgodi ilipopandisha zamu ya mwisho
napika shuleni hapa,
na sijawahi kuulizwa kinachobaki.
Niliulizwa kama kinatosha.
Enzi za mama yangu, huku Silesia,
mkate ukianguka uliokotwa, ukabusiwa, ukaliwa.

Wiki haikuisha, ukutani pakabandikwa chati.
Supu ya nyanya, nguzo fupi kama kidole gumba.
Viazi, hivi hivi.
Na ile ya zambarau, ndefu kuliko Tymek aliyeichora,
hiyo ilikuwa kabichi yangu.
Kilo kumi na moja, gramu mia nne.
Wazazi waliisoma. Padri aliisoma.
Mtu huvuliwa nguo bila kuguswa kifungo.

Nilinuna, nakiri.
Siku mbili nilipakua kwa kijiko cha hasira.
Mwalimu Kosińska akaja kuniomba radhi kwa niaba ya nguzo,
nikamwambia nguzo haina kosa,
natafuta tu mtu wa kuniambia kwa nini.

Akaja Tymek, pengo mbele,
yule ambaye babu yake angali anaukohoa mgodi.
"Kabichi yako si mbaya," akaninong'oneza,
"ila unaichemsha mpaka inasahau kuwa ni kabichi."
Lo! Mwana huyu!
Nilicheka hadi mfuniko ukaniponyoka.

Basi nikapunguza moto.

Na makombo? Walishayatafutia makao.
Nyuma ya ukumbi wa michezo, pale lami ilipofanya nyufa,
Zenon mlinzi aliwabomolea mita nne kwa sururu,
akilaani kila pigo,
kesho yake akirudi bila kuitwa.
Chini ya lami, kokoto. Chini ya kokoto, weusi:
taka za makaa walizomwaga babu zetu
walipokuwa na haraka ya kuwapasha wengine joto.
"Hapa hapaoti kitu," Zenon akasema.
Bogna akaandika daftarini: Bw. Zenon asema hapaoti kitu. Na tarehe.
Mtoto huyo siku moja ataitia serikali hofu.

Wakajenga sanduku la mbao.
Wakatia maganda ya viazi, ya mayai, majani makavu,
katoni zilizochanwachanwa,
na minyoo iliyopanda basi ndani ya kopo la aiskrimu.
Novemba, theluji ya kwanza,
lundo likawa linafuka mvuke.
Nilitoka na aproni yangu, nikasimama mbele yake.
Mwenzangu, nikaliambia, kumbe nawe unapika.

Sitasema bustani ilichanua. Haikuchanua.
Figili zilitoka nyembamba kama mikia ya panya,
konokono walimaliza saladi yote usiku wa kuamkia ukaguzi,
na kabichi (ndiyo, walipanda kabichi, kunichokoza)
ikatoka moja. Moja tu, ngumi ya mtoto.

"Pimeni," nikawaambia.
Gramu mia moja na tisini.
Wakaigawa mbichi, vipande kumi na tisa,
cha ishirini wakaniletea juu ya kifuniko cha chupa ya jamu.
Nilitafuna polepole.
Uchungu kidogo, mchanga kidogo,
na kitu cheusi katikati ya meno
ambacho marehemu mume wangu angekitambua.

Mizani ingali mlangoni.
Leo asubuhi, kabla hawajafika,
niliweka juu yake sahani yangu mwenyewe, tupu.
Mshale ulitetemeka,
ukakataa kurudi sifuri.