Sikio la Kushoto

Akihabara, ghorofa ya tatu. Tokuji
anajaribu spika za masikioni, za bei ya kutupa.
Jozi ya kwanza: besi nzito,
jirani anayegonga ukuta.
Ya pili, kila "s" ni sindano.
Ya tatu ingefaa,
ila sikio la kushoto, lililopondwa na judo
akiwa na miaka kumi na saba,
linaitema kama mtoto na dawa.

Muuzaji anabadilisha mipira: mdogo kushoto, mkubwa kulia.
Yeni elfu mbili. Inaingia, inatulia.

Anaweka kanda ya Fumie akipiga kinanda,
ile aliyodhani anaijua yote.
Dakika ya nne mlango unalia,
na mtu aliyechelewa,
sauti yake mwenyewe, changa,
ananong'ona: samahani.