Soma Wewe, Uzoee

Friji la Bi Mwanahawa Nampota, Chikongola,
lilisema tik,
likanguruma pumzi tatu, likasema tik,
likanyamaza. Dakika nne. Likaanza tena,
kama mtu anayeitwa usingizini
akaitika "naam" bila kuamka.

Barafu zake za ukwaju zimekuwa maji vifukoni.
Changu wawili wameanza kulegea macho.
"Kompresa imekufa," akaniambia. "Laki mbili na themanini.
Kasema Fundi Nnunduma. Alikuja juzi,
akaweka sikio hapa mgongoni, akatikisa kichwa."

Nikainama, nikajifanya natafuta bisibisi.
Fundi Nnunduma ndiye aliyenifundisha.
Miaka mitatu, kibanda cha bati karibu na stendi,
wateja wakiniuliza fundi yuko wapi
na koleo ninalo mkononi.
"Sikio ni rongo," alikuwa akisema.
"Pima, ndipo useme."

Basi nikapima.
Ukutani: mia na tisini na nne. Haba, lakini ndio umeme wetu;
gesi inachimbwa hapo Msimbati
nasi tunahesabu volti kama wauguza homa.
Nikachomoa plagi, nikalivuta friji.
Buibui wakatawanyika. Nyuma yake: kandambili ya mtoto,
kalamu, na stakabadhi ya korosho
yenye jina la marehemu mumewe.
Bi akaiokota, akaipangusa kwa kanga, akaitia kifuani.
Sikuuliza msimu gani.

Nikabandua kifuniko. Vijino vitatu vya kompresa.
Kumi na mbili.
Kumi na nane.
Na hivi viwili vya pembeni, thelathini.
Hesabu imekaa.
Kijino hadi bati la mwili: mita haioni njia.
Kompresa nzima. Nzima kuliko mimi.

Nikachomoa rilei, kidude cha ukubwa wa kiberiti,
nikaitikisa sikioni
(ndiyo, sikioni, mwalimu unisamehe):
chakacha, chakacha,
korosho iliyokaukia ndani ya ganda.
Kile kidonge kinachoisukuma mota iamke
kimekuwa vigae.

"Umeme ukikatika ukarudi, huwa unafanyaje?"
"Nachomoa, nachomeka. Nachomoa, nachomeka. Mpaka liwake."
"Lipe dakika tano, Bi. Hata wewe ukishuka na ndoo kichwani
hutaki kutwishwa nyingine hapo hapo."
Akacheka. Nikamtajia bei:
elfu kumi na nane, pamoja na bodaboda ya kufuata rilei.

Akaacha kucheka.
"Kwa hiyo yule mzee alitaka kuniibia?"

Koleo likaganda mkononi.
Mwaka wangu wa mwisho kibandani
alikuwa akishika nyaya, mita ananisogezea mimi.
"Soma wewe, uzoee."
Nami nasoma, najiona mwanafunzi anayependwa.
Mara ananiuliza waya huu kahawia au mwekundu,
nikadhani ni mtihani.
Chai aliimimina na kidole ndani ya kikombe
mpaka imguse.
Yote hayo nikiwa nimekaa naye benchi moja.
Mimi, mpimaji.

"Hapana, Bi," nikasema. "Humu ndani mna kiza."

Akatazama dirisha.
Jua la saa saba lilijaa chumba kizima, mpaka mvunguni.
Akanitazama mimi.
"Ni kweli," akasema taratibu. "Mna kiza."

Nikachomeka.
Mota ikashika mara moja, bila tik,
mlio wa chini, wa mtu aliyeshiba.
Bomba la nyuma likaanza kupata joto chini ya vidole vyangu.
Bi alikuwa tayari anapanga upya vifuko vyake,
wale changu akawatupia paka.

Rilei mbovu nimeitia mfukoni.
Kila hatua, chakacha.
Jioni nitapita kibandani, niiweke kiganjani mwake
nisiseme neno.
Kuitikisa, ataitikisa.