Picha ya Mpishi

Ubao nimeupata kwa Malugu, fundi mitumbwi wa Kirumba:
ubavu wa mtumbwi uliokwisha kazi,
una tundu tatu za misumari
na harufu ya dagaa isiyosikia sabuni.
Rangi ni masalio. Bluu ya boti, nyekundu ya mlango wa saluni,
nyeupe kidogo, imeganda juu kama uji.
Nyeusi sikununua.
Nyeusi nimeichokoa mwenyewe,
mkaa wa jiko lilelile.

Mwaka na miezi minne kioo changu kilivaa kanga.
Waliokuja wodini Bugando walisema pole
wakiiangalia dripu.
Shangazi Nkwimba akasema, "Mshukuru Mungu, jicho limebaki."
Nikashukuru. Jicho lilibaki,
na kazi yake ya kwanza
ikawa kuwaona watu wakiyageuza yao.

Nilianza na upande mzima,
ule ulio kwenye kitambulisho.
Nikauchora vizuri, shavu, hereni, nyusi,
akatokea msichana wa tangazo la sabuni.
Nikamfuta kwa mafuta ya taa.

Kisha nikaanza na kovu.

Kovu halina rangi moja, sikulijua hilo.
Asubuhi ni wekundu wa ndani ya shavu la sato,
jioni zambarau, ua la gugumaji,
lile linaloziba mwalo, wavuvi wakalilaani,
nalo likachanua vilevile.
Linashuka toka sikioni hadi shingoni
likikunjamana kama maji ya ziwa
upepo ukitokea upande wa Ukerewe.
Nililifuata kwa kidole, brashi nimeiweka chini.
Mkono ulitetemeka. Nikauacha utetemeke;
mstari uliopinda upo mpaka leo, chini ya kidevu.

Jicho nililimalizia usiku, umeme umekatika,
tochi ya simu imeegemea sufuria.
Machozi sikuyaweka.
Niliweka nukta moja nyeupe,
tone la mafuta ya moto
jinsi lilivyoonekana likija.

Jumamosi nikautundika ubao kibandani,
misumari mipya, tundu za zamani.
Nikasimama mbele ya jiko.
Njiti ya kwanza ilizimika.
Ya pili niliizima mimi,
nikajifanya natafuta chumvi.
Ya tatu sikuitazama, niliutazama ubao,
na yule wa ubaoni hakupepesa,
mpaka nikasikia karai linaanza kuimba.

Mteja wa kwanza alikuwa mpakiaji wa magunia,
vumbi la dagaa mpaka kwenye kope.
Akautazama ubao. Akanitazama mimi,
pote, pasipo kuruka mahali.
"Huyo nani?"
"Mpishi."
"Haya. Nipe mkia, mama, ukauke vizuri,
na pilipili usinionee huruma."