Soksi Nitamvisha Mimi

Wote waliofika walimuuliza panapouma.
Daktari aliuliza, nesi aliuliza,
hata kasisi, akikung'uta theluji mabegani.
Maarika, wa tiba kwa vitendo, aliketi ukingoni mwa kitanda, viatu kavua:
"Leida, leo ungependa kufanya nini?"

Mama alinitazama kwanza,
kama mtoto anayengoja ruhusa,
nami nikaona haya,
maana ruhusa zote nilikuwa nimezifungia kabatini
pamoja na visu na birika.

"Nataka kuosha kikombe changu."

Kikombe tu. Cha kiwanda cha maziwa,
walichompa baada ya miaka thelathini na mmoja,
mkono wake umeungwa kwa gundi.
Nikasema, "Lakini mama, mimi si nipo?"
Maarika hakunijibu. Alitoa futi mfukoni,
akapima kimo cha sinki, upana wa mlango,
akahesabu hatua toka kitandani: kumi na nne.

Alhamisi akaleta kigoda kirefu chenye namba ya bohari,
na hesabu, kwa sauti ya muuza duka:
"Nguvu zako za siku ni senti kumi.
Soksi zinakula nne. Kuchana nywele, mbili.
Kikombe kinataka sita.
Mwenye mkoba ni wewe."

Mama alicheka hadi akakohoa.
"Soksi na anivishe huyu," akanionyesha kwa kidevu.
"Kazi hana."

Basi kila asubuhi, pale Võru, giza bado limegandia dirishani,
nilipiga magoti nikaivisha soksi
miguu iliyoumuka kama unga wa mkate,
naye akizitunza senti zake.
Kisha hatua saba, kiti, pumzi; saba tena.
Maji vuguvugu. Povu. Kidole kikizunguka ukingoni
polepole, kama kinasoma.
Siku nyingine ilimla dakika ishirini.
Siku nyingine aliishia kwenye kiti cha katikati,
akatukana kwa lugha ya bibi yake, tukarudi.

Miezi mitatu nilikuwa nimemwibia sinki
nikiita mapenzi.

Februari aliacha kikombe kimefudikizwa juu ya kitambaa.
Nilipokiinua, ndani, chini kabisa,
doa la chai ambalo macho yake hayakulifikia.
Lipo.

Maarika alirudi kuchukua kigoda.
Kuna mzee kule Antsla, alisema,
anataka kujinyoa mwenyewe.
Nilikibeba mimi hadi kwenye gari.

Mbele ya sinki, kwenye zulia la plastiki,
miguu yake imeacha vishimo vinne.
Nikiosha vyombo, nasimama kando yavyo.